Kuchagua Kitabu cha Kubuni na Kitabu cha Maarifa: Hali ya Wasomaji wa Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa sekondari anayetoka Masisi au Walikale na kufika katika duka la vitabu mjini Goma huwa na shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni uchache wa fedha, kwani kiasi alichokabidhiwa na kamati ya wazazi hutosha vitabu vichache tu. Ya pili, ambayo ndiyo inayoshughulikiwa na makala haya, ni ukosefu wa vigezo vya kuchagulia. Akiulizwa na mwenye duka anataka kitabu gani, aghalabu hutaja somo analofundisha. Basi hurudi na vitabu vya kiada peke yake, au na kitabu kimoja cha hadithi ambacho jalada lake lilimvutia, lakini ambacho wanafunzi wake hawawezi kukisoma hadi ukurasa wa kumi.

Katika mji mkubwa kosa kama hilo si zito, maana mnunuzi anaweza kurudi kesho yake na kuomba abadilishiwe. Kwa mtu wa Walikale hakuna kesho ya namna hiyo. Isitoshe, katika eneo ambalo asili ya watu na milki ya ardhi zimekuwa chanzo cha umwagaji damu, kitabu cha historia kilichochaguliwa bila uangalifu chaweza kuwasha moto darasani. Kwa sababu hizo uchaguzi wa vitabu hapa ni jambo la kufikiriwa kwa makini. Makala haya yanaeleza kwanza istilahi, kisha hali ya eneo, halafu vigezo vinavyoweza kutumiwa kwa kila aina ya kitabu.

2.0 Istilahi na utata wake

Maneno yenyewe yana mitego. Katika Kiswahili cha Kivu, neno la Kifaransa librairie huleta maana ya duka la vitabu, ambapo katika Kiswahili cha Nairobi neno linalofanana nalo kwa sauti, laibrari, ni maktaba. Mtu anayeambiwa kwamba kitabu fulani "kiko laibrari" huenda akatafuta bei, na aliyeambiwa kwamba "kiko libreri" huenda akaja kukiazima. Hapa chini yatatumiwa maneno "duka la vitabu" na "maktaba" ili kuepuka mkanganyiko huo.

Utata wa pili ni mkubwa zaidi. Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya shule za Kongo, hutumia neno moja, histoire, kwa kisa kilichobuniwa na pia kwa masimulizi ya mambo yaliyotukia. Kiswahili hutenganisha "hadithi" na "historia", lakini utengano huo nao si mkongwe kama unavyodhaniwa. Neno "hadithi" na neno "riwaya" yote mawili yametoka katika Kiarabu, na huko yalihusiana na upokezi wa habari kutoka kwa msimulizi mmoja hadi mwingine, habari ambazo wasikilizaji walitakiwa kuzipima ukweli wake. Baadaye ndipo "riwaya" ilipopewa maana ya kitabu kirefu cha kubuni. Haishangazi basi kwamba mwanafunzi wa Masisi akipewa riwaya huuliza, "Mambo haya yalitokea kweli?" Swali hilo lisipuuzwe. Laonyesha kwamba anatafuta mkataba uliopo kati ya mwandishi na msomaji.

Mkataba huo ndio unaotenga aina mbili za vitabu. Mwandishi wa kitabu cha kubuni haahidi kwamba watu wake waliishi. Huahidi kwamba maisha yao yatafanana na maisha. Mwandishi wa kitabu cha maarifa, yaani historia, wasifu, sheria, kilimo, afya au sayansi, huahidi kwamba asemayo yanaweza kuthibitishwa nje ya kitabu chake. Kwa hiyo kila aina ina kipimo chake.

3.0 Hali ya eneo

Masisi na Walikale ni teritwari mbili za mkoa wa Kivu Kaskazini. Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye watu wengi na mashamba yaliyobanana. Walikale ni nchi ya msitu na mito, nayo ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za mkoa huo kwa eneo. Lugha za nyumbani ni pamoja na Kihunde na Kinyarwanda upande wa Masisi, na Kinyanga, Kikumu na Kitembo upande wa Walikale. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya safari na ya mikutano. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike katika kufundishia.

Kufikisha kitabu huko si kazi ndogo. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zipatazo 25, na baada ya hapo barabara ya kupanda Masisi huharibiwa mara kwa mara na mvua. Walikale hufikiwa pia kwa kuzunguka Bukavu na Hombo, au kwa ndege ndogo zitumiazo kiwanja cha Kilambo. Juu ya hayo kuna vita. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na kundi la M23, na mwezi wa Machi mwaka huo huo kundi hilo liliingia Walikale-kati kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Watu wa eneo hili wamekimbia makwao si mara moja.

Hali hiyo inaleta kigezo cha kwanza, ambacho ni cha mwili wa kitabu kabla ya maneno yake. Kitabu kipimwe kwa uzito, kwa mshono na kwa karatasi. Kitabu kilichogandishwa kwa gundi peke yake huachana katika unyevu wa msitu, kilichoshonwa hudumu. Kitabu chembamba huweza kutiwa katika furushi siku ya kukimbia, lakini kamusi kubwa huachwa nyuma. Mara nyingi ni bora kununua vitabu vitatu vyembamba kuliko kimoja kinene cha bei ile ile.

4.0 Kiswahili gani?

Kigezo cha pili ni lugha. Riwaya nyingi za Kiswahili zilizochapishwa zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya. Msomaji wa Kivu husema "batoto" badala ya "watoto", "bitabu" badala ya "vitabu", "mutu" badala ya "mtu", na kwake neno "masomo" lina maana ya shule yenyewe. Tofauti hizo za maumbo hazimzuii kuelewa, kwa kuwa tangu utotoni amesikia Kiswahili cha redio na cha vitabu vya dini, ambacho kiko karibu na usanifu. Kinachomzuia ni msamiati, hasa maneno ya pwani yahusuyo bahari, mavazi, vyakula na desturi, pamoja na maneno ya Kiarabu yapendwayo na baadhi ya waandishi.

Kuna njia nyepesi ya kupima jambo hili papo hapo dukani. Mnunuzi afungue ukurasa wa katikati, wala si wa kwanza, kwa sababu kurasa za kwanza huandikwa kwa uangalifu zaidi. Asome kwa sauti ya chini, na kwa kila neno ambalo wanafunzi wake hawatalijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho ni cha kusomwa pamoja na mwalimu, si cha kuachiwa mwanafunzi peke yake. Kidole kimoja au viwili ni dalili njema, maana kitabu kisicho na neno jipya hata moja hakimkuzi msomaji.

Kipimo hiki hutumika kwa Kifaransa vile vile. Wanafunzi wengi wa vijijini hukisoma Kifaransa kwa ajili ya mtihani tu. Kwao riwaya nyepesi ya Kiswahili huweza kuwa kitabu cha kwanza maishani wanachokimaliza.

5.0 Vitabu vya kubuni

Baada ya lugha, kitabu cha kubuni kipimwe kwa maswali matatu: Je, kisa kinasonga? Je, matendo ya wahusika yana sababu? Je, msomaji wa milimani au msituni atapata mahali pa kusimama ndani yake?

Kwa swali la kwanza, riwaya za upelelezi zina faida. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotolewa mwaka 1960, inatukia Unguja, mbali sana na Walikale. Lakini Bwana Msa anafuatwa na msomaji kwa hamu ya kujua aliyetenda, na hamu hiyo humvusha juu ya maneno magumu. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, husimulia safari ya kijana anayemtafuta baba yake. Nayo ni habari inayoeleweka mara moja mahali ambapo familia nyingi zimetawanyika.

Kwa swali la pili zatajwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Zote mbili zaonyesha jinsi ukali wa baba unavyoweza kumwangamiza binti aliyekusudiwa kulindwa. Ni vitabu vya kujadiliwa, na mwalimu avisome kwanza yeye mwenyewe, kwa sababu Rosa Mistika iliwahi kukatazwa mashuleni kwa uwazi wake. Kwa upande mwingine, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi huyo huyo ni kazi za kifalsafa ambazo vidole vyaweza kuisha si kwa msamiati bali kwa maana. Jina la mwandishi peke yake si dhamana kwamba vitabu vyake vyote vinamfaa msomaji yule yule.

Swali la tatu hujibiwa vizuri na tafsiri na pia na waandishi wa Kongo wenyewe. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe iliyotolewa mwaka 1973, inahusu kijiji chenye wazee, mashamba na mizimu, mambo ambayo mtu wa Masisi anayajua kuliko bandari. Shamba la Wanyama, iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967, haihitaji maelezo kwa watu walioona waliojiita wakombozi wakigeuka kuwa mabwana. Katika Kifaransa, vitabu vya Zamenga Batukezanga (1933–2000) vina lugha nyepesi na mazingira ya Kikongo, na kwa hiyo vimependwa na vijana wengi nchini. Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, iliyotuzwa mwaka 1948, ni fupi, na imejaa dunia ya mto na viumbe vyake.

Lisisahauliwe kwamba kitabu cha kubuni chaweza kubeba historia. Kuli ya Adam Shafi (1979) imejengwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Mgomo ulitukia, mhusika mkuu amebuniwa. Mwalimu akieleza tofauti hiyo kwa kitabu hiki, swali la "Yalitokea kweli?" linapata jibu lenye pande mbili.

6.0 Vitabu vya maarifa

Hapa kipimo cha kwanza ni tarehe. Mnunuzi ageuze jalada na kutazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ambapo huandikwa mwaka na mchapishaji. Kitabu cha jiografia kinachosema kwamba Kongo ina mikoa 11 kimepitwa, kwani tangu 2015 ipo 26. Kinachoitaja Kivu kama mkoa mmoja ni cha kabla ya 1988. Kitabu cha sheria ya uraia kilichotolewa kabla ya Novemba 2004 hakina sheria inayotumika sasa, na kitabu cha sheria ya madini cha kabla ya 2018 hakina marekebisho ya mwaka huo. Kwa mtu wa Walikale, ambako bati huchimbwa Bisie, au wa Masisi, ambako koltani huchimbwa Rubaya, kosa hilo la mwisho lina hasara ya fedha. Haifuati kwamba kitabu cha zamani ni kibaya. Kitabu cha hesabu au cha ufugaji wa ng'ombe hudumu kwa miaka mingi, na kitabu cha jiografia kilichopitwa ni ushahidi wa historia. Kinachotakiwa ni kujua kinanunuliwa kwa kazi gani.

Kipimo cha pili ni njia ya kuthibitisha. Mwandishi aeleze habari zake amezipata wapi: kwa kumbukumbu za serikali, kwa mahojiano, au kwa kuwapo mwenyewe. Kitabu cha historia kisichotaja chanzo hata kimoja kinamwomba msomaji imani, nacho kimejiweka karibu zaidi na hadithi.

Kipimo cha tatu kinahusu historia ya eneo lenyewe, na ndicho kizito kuliko vyote. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi. Sheria ya mwaka 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwaondolea wengi uraia waliokuwa wamepewa mwaka 1972. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Hayo ni mambo yanayojulikana. Lakini kitabu kimoja chaweza kuanza simulizi mwaka 1937 na kumfanya mgeni awe ndiye chanzo cha kila ovu. Kingine chaweza kuanza mwaka 1993 na kumfanya mwenyeji awe ndiye mkosaji wa kwanza. Kila kimoja chaweza kuwa na tarehe sahihi tupu na bado kikadanganya kwa mahali kilipochagua kuanzia.

Kwa hiyo mnunuzi afungue yaliyomo na kuuliza maswali manne. Simulizi inaanza mwaka gani? Nani wanaotajwa kwa majina, na nani wanaotajwa kwa jumla tu, kama kundi? Je, wafu wa kila upande wamehesabiwa? Je, kuna sura inayomsumbua hata mtu wa upande wa mwandishi? Kitabu kikishindwa katika maswali haya, si lazima kichomwe. Lakini kisiingie darasani peke yake. Ama vinunuliwe viwili vinavyopingana na kusomwa kwa zamu, ama kisinunuliwe kabisa. Kwa kuanzia, Histoire générale du Congo ya Isidore Ndaywel è Nziem (1998) huliweka eneo hili ndani ya historia ya nchi nzima. Pole Institute ya Goma, iliyoanzishwa mwaka 1997, imetoa jarida Regards croisés, ambalo jina lake lenyewe linadokeza mitazamo inayokutana. Rift Valley Institute ilitoa mwaka 2012 kijitabu cha Jason Stearns kuhusu chanzo cha migogoro ya Kivu Kaskazini.

7.0 Kitabu kinachokosekana

Mfano wa mwisho unaonyesha mpaka wa vigezo vyote vilivyotajwa. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliandika, kutoka kinywani mwa Mnyanga aitwaye Shé-Kárisi Rureke, utendi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa hali anatembea na kusema, akakataliwa na baba yake aliyetaka mabinti tu. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na mbili. Mwaka 1969 utendi ulichapishwa Marekani na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, matini ya Kinyanga ikiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mateene huyo ndiye aliyetoa pia mwaka 1992 sarufi ya Kihunde, na kwa hiyo mtu mmoja amehudumia lugha za teritwari zote mbili.

Je, Mwindo ni kitabu cha kubuni au cha maarifa? Kwa Wanyanga, karisi ni jina la utendi na pia la pepo anayemtuma msimulizi kuusimulia. Basi aliyeusimulia hakujiona kuwa amebuni. Kwa mwanafunzi wa leo ni fasihi. Kwa mwanahistoria ni chombo cha kujua mawazo ya Wanyanga juu ya utawala, kwa sababu Mwindo hatimaye hufundishwa kwamba shujaa asiyejua kujizuia hafai kuwa chifu. Kitabu hiki kingekuwa cha kwanza katika orodha ya kila shule ya Walikale. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa katika nchi ya Mwindo humfikia kwa Kinyanga na Kiingereza vya toleo la ng'ambo, ambalo halimo katika biashara ya kawaida ya maduka ya vitabu ya Goma.

Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kufanya zaidi ya kuchagua kutoka katika rafu. Mwenye duka huagiza kile anachoulizwa. Mwalimu mmoja akiuliza, ni swali. Walimu kumi wa Masisi na Walikale wakiuliza jina lile lile kwa mwaka mmoja, ni soko. Na mahali penye soko mfasiri wa Kiswahili hupata sababu ya kuanza kazi.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kitabu cha kubuni na kitabu cha maarifa havipimwi kwa mizani moja, kwa kuwa kila kimoja kina ahadi yake. Cha kwanza kipimwe kwa mwendo wa kisa, sababu za matendo na nafasi ya msomaji. Cha pili kwa tarehe, vyanzo na mahali simulizi inapoanzia. Vyote viwili vipimwe kwa lugha na kwa uimara wa mwili. Kwa mnunuzi mwenye fedha za vitabu sita, mgawanyo unaofaa ni riwaya tatu nyepesi za Kiswahili, riwaya moja ya Kifaransa ya mwandishi wa Kongo, kitabu kimoja cha ufundi, kilimo au afya chenye tarehe ya karibuni, na kimoja cha historia kilichojibu maswali manne. Jina la kitabu cha saba, ambacho hakimo dukani, aliandike katika karatasi na kumwachia mwenye duka kabla ya kuondoka.